Hakuna Aliyesema Kata

Boksi la vitabu lilitufikia kijijini kwetu Chonyonyo kwa sababu ya simenti. Lori lililoleta simenti ya kanisa kutoka Bukoba lilikuwa limebeba pia boksi la mbao la chuo fulani cha theolojia, sijui kipi, na dereva alipomaliza kushusha mifuko akalishusha na boksi.

"Hili nimechoka kulizungusha," alimwambia mwinjilisti wetu. "Nikilirudisha Bukoba wataniuliza kwa nini halikufika. Nikiliacha hapa, limefika."

Mwinjilisti hakuwahi kumshinda dereva yeyote kwa maneno. Boksi likabaki.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera, sabuni ikipatikana kwa kujuana, na sukari tukiizungumzia kama ndugu aliyehamia mbali akaacha kutuma salamu. Hakuna aliyekuwa ameomba vitabu. Tulilifungua boksi kwa shoka nyuma ya kanisa tukitumaini nguo. Mimi niliitwa, ingawa nilikuwa msichana tu, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu na nilijua Kiingereza, yaani nilikuwa na kamusi.

Vilikuwa vitabu vya aina nne. Vya imani, vingine vikiwa vya Kijerumani, hivyo tukaviweka kando kwa heshima. Vya utamaduni, vyenye picha za watu wa visiwa tusivyovijua wakicheza ngoma. Vya sinema, namna ya kutengeneza picha za kutembea. Na vile vinene vilivyoeleza jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyokataa kutawaliwa na wageni. Nadhani huko vilikotoka kulikuwa na mtu aliyefundisha mambo hayo yote katika darasa moja. Kwetu hakukuwa na darasa la namna hiyo, lakini vitabu vilikuwapo, na kitabu kikishakuwapo Mlutheri hawezi kukiacha bila kukisoma.

Ugomvi ukawa tuanze na kipi. Wazee wa kanisa walitaka imani. Vijana walitaka sinema. Mwinjilisti alipima pande zote mbili akaamua kwamba kila Jumapili mchana tutasoma ukurasa mmoja wa kila aina, ili kitabu kisikionee kitabu kingine wivu. Mimi nilisoma na kutafsiri kwa Kiswahili, na yeye akawageuzia kina mama wazee kwa Kinyambo. Sentensi ilipofika benchi la nyuma ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu wawili, na ilionekana.

Baada ya miezi michache kurasa zile zilianza kuchanganyikana vichwani mwa watu. Jumapili moja mzee wa kanisa aliombwa afunge kwa sala. Akasimama, akafumba macho, akasema, "Ee Mungu, utusogelee kwa picha ya karibu. Utuepushe na utawala wa kigeni na mwanga unaotoka nyuma ya mtu. Amina."

Tukaitikia amina. Mwinjilisti aliniita pembeni.

"Mwalimu, maneno yale yamo kitabuni?"

"Yamo, mwinjilisti. Kila moja peke yake."

Alifikiri kidogo, akasema basi hayana ubaya.

Mtu aliyevipenda vitabu vya sinema kuliko wote alikuwa mwalimu wa kwaya. Alikwenda vitani kama mgambo akafika hadi Kampala, na huko, kwa namna ambayo hakuieleza vizuri, aliingia siku moja katika jumba la sinema. Picha ilifika katikati umeme ukakatika, na alfajiri kikosi chao kikahamishwa. Kwa hiyo alikuwa ameona nusu ya sinema. Nusu ile ilimtosha kuwa bingwa wa jambo hilo katika kata nzima, maana sisi wengine tulikuwa hatujaona hata robo.

Siku niliyosoma ukurasa uliosema kwamba wageni ndio wamekuwa wakishika kamera siku zote, na kwamba anayeishika kamera ndiye anayeishika hadithi, mwalimu wa kwaya alisimama.

"Basi tutengeneze ya kwetu."

"Kamera iko wapi?" mwinjilisti aliuliza.

"Kitabu kimesema tusingoje wageni watuletee."

"Nimesikia. Lakini kamera iko wapi?"

"Mwinjilisti, ukishangoja kamera ya mgeni, umeshindwa kabla hujaanza."

Kila mmoja wetu alihisi kwamba maneno yale yana tundu mahali fulani, lakini hakuna aliyeweza kulionyesha kwa kidole.

Kamera ilitengenezwa na fundi seremala kwa mbao za mkaratusi. Jicho lake lilikuwa kitako cha chupa. Ubavuni ilikuwa na mpini wa kuzungusha, na ndani fundi aliweka kopo lenye maharage makavu, ili ukizungusha iungurume krr krr, kwa sababu mwalimu wa kwaya alisisitiza kwamba kule Kampala alisikia mlio huo nyuma ya kichwa chake. Ilisimama juu ya miti mitatu ya kuegemezea migomba. Mvua ikitishia tuliifunika kanga isiharibike. Nasema haya bila kucheka kwa kuwa wakati ule hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nililifuta jicho lile kwa leso yangu kila kabla ya kazi, na niliwahi kumkaripia mtoto aliyeligusa.

Hadithi tuliipata kutoka vitabu vinene. Mgeni anakuja na kitambaa, chumvi na bendera. Anaomba mahali pa kukaa. Kesho yake anaomba kiti cha mtawala. Halafu anawabebesha watu mizigo, anawaamulia kesi zao kwa dhuluma, mpaka watu wanainuka na kumfukuza. Kila mtu alitaka kuwa miongoni mwa wanaoinuka. Mgeni hakuwa na mtu wa kumwigiza.

Nyumbani kwetu alikuwapo mtu niliyemwita baba mdogo, ingawa hatukuwa na damu moja. Alikuwa ametoka Rwanda zaidi ya miaka ishirini nyuma, akamkuta baba yangu anahitaji mtu wa kulima kibanja, yaani shamba la migomba, na kuchuma kahawa, akabaki. Alibatizwa kwetu. Uraia alishaupata. Lakini kijiji kilikuwa bado hakijapata habari hizo moyoni. Katika mkutano, baba mdogo akisema neno, watu walimngoja amalize kama unavyongoja gari lipite ndipo uvuke barabara, kisha waliendelea na mazungumzo yao.

Mwalimu wa kwaya alizungusha macho kanisani, yakamkuta amekaa karibu na mlango.

"Wewe. Si ulitoka nje?"

"Nilitoka Rwanda nikiwa na mama yangu mgonjwa na mbuzi mmoja," baba mdogo alisema.

"Ni hivyo hivyo. Mgeni ni mgeni."

Nilitaka kusema kitu lakini baba mdogo alinitangulia. "Kama ni kazi ya kanisa, nitaifanya."

Alitengenezewa kofia ya nusu kibuyu iliyopakwa chokaa iliyobaki ya ukuta wa kanisa. Siku ya kwanza ya kazi alitokea kwenye mibuni, mpole, kofia kichwani, akaja hadi kwenye kiti, akaketi. Akatutazama. Mwinjilisti, aliyekuwa akiigiza mtawala wetu, alivua kofia yake mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

"Kata," alisema mwalimu wa kwaya.

Neno hilo nililitafsiri mimi. Katika vitabu, mwongozaji anapotaka kazi isimame hutamka neno lenye maana ya kukata, basi nikaandika "kata". Nilieleza pia kanuni inayoambatana nalo: mwigizaji hatakiwi kuacha anachofanya, hata likitokea la kutokea, mpaka mwongozaji aseme kata. Baba mdogo aliniomba nimrudie kanuni hiyo, nikamrudia.

Shida ya kwanza ilikuwa ya lugha. Mgeni alitakiwa kusema, "Kuanzia leo mimi ndiye Mukama wenu." Sasa kwa Kinyambo, Mukama ni mfalme, lakini ndiye pia Bwana tunayemwimbia kwenye nyimbo za ibada. Baba mdogo alipotamka maneno hayo uwanjani mwa kanisa, mama mmoja mzee alipiga magoti na mwingine akaondoka kwa hasira. Tulijadiliana mchana kutwa. Wengine walisema aongeze "wa uongo" mwishoni, lakini mwalimu wa kwaya akauliza ni mkoloni gani anayejitambulisha hivyo. Mwishowe tukakubaliana aseme gavana. Hakuna aliyejua gavana ni nini kwa Kinyambo, kwa hiyo hakuna aliyekwazika.

Kisha ikaja sehemu ya kesi. Mjane mmoja alipangiwa kuigiza mjane mwenye kesi ya mpaka. Alipofika mbele ya gavana akaona haina haja ya kubuni, maana alikuwa na kesi ya mpaka kweli, baraza lilikuwa limeikalia tangu mumewe yu hai. Akaeleza jinsi jirani yake alivyopanda migomba ng'ambo ya mfereji. Jirani huyo naye alikuwamo kazini, ameigizishwa mpagazi. Akautua mzigo akaanza kujibu.

Baba mdogo aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Pengine aliwasikiliza hivyo kwa kuwa yeye alijua ilivyo kutosikilizwa, sijui. Kisha akasema, "Mikungu iliyokwisha kutoka ni ya aliyepanda. Itakayochipua ni ya mwenye ardhi. Na muache kununiana kwenye kwaya, mnatuharibia wimbo."

Mjane akasema sawa. Jirani naye, baada ya kukuna kichwa, akasema sawa.

"Kata, kata," mwalimu wa kwaya alisema kwa uchungu. "Hukutakiwa kuwapatanisha. Wewe ni mkoloni."

"Nisamehe. Turudie."

Wakarudia, na safari hii aliwanyang'anya wote wawili ardhi kama ilivyoandikwa. Lakini walikwenda nyumbani na hukumu ya kwanza, na wakaifuata.

Jumapili iliyofuata watu wengi zaidi walitaka kuigiza. Walipanga foleni kando ya kamera, kila mmoja na lake: mbuzi aliyekula maharage ya mtu, mahari iliyorudishwa nusu, kijana aliyeuza baiskeli ya mjomba. Mwalimu wa kwaya alizungusha mpini mpaka mkono ukamvimba. Siku za kazi nazo wakaanza kuja kibanjani kwetu. Walimkuta baba mdogo ameinama analima, wakamwomba akachukue kofia. Bila kofia alikataa katakata.

"Hivi nilivyo mimi ni mlimaji tu," alisema. "Ngoja ninawe mikono."

Baba yangu, aliyekuwa mwajiri wake, hakujua ashike lipi. Siku moja nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, karibu na jiko, "Gavana, ukimaliza hiyo kesi ya mbuzi, magugu yamezidi kwenye buni." Na gavana akajibu, "Ndiyo, mzee, nakuja."

Habari zikamfikia katibu wa kata. Lakini zilimfikia kwa namna yake. Aliambiwa kwamba Chonyonyo, kila Jumapili, watu wanakusanyika nje ya kanisa, mtu mmoja anapiga kelele "Kata! Kata!" na wote wanaacha wanachofanya. Katibu akaelewa ni mgomo dhidi ya ofisi yake. Alikuja kwa baiskeli, mgambo mmoja nyuma yake kwa miguu, akatukuta tumesimama na mizigo vichwani.

"Nani anayeipinga kata hapa?"

Mwalimu wa kwaya alianza kumweleza maana ya kata, kwamba si kata ile, ni kata nyingine, na kadiri alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Mwishowe mwinjilisti aliingilia.

"Ndugu katibu, ni sinema."

"Na huyu gavana niliyesikia habari zake?"

"Ni wa kuigiza."

"Nimeambiwa anaamua kesi."

"Anaigiza kuamua."

"Na watu wanatii?"

Mwinjilisti alitutazama. "Wanaigiza kutii," alisema.

Katibu aliizunguka kamera, akachungulia kwenye kitako cha chupa, akatuona sote kichwa chini miguu juu. Alinyooka akakung'uta magoti. Akasema sinema ya kupinga ukoloni ni jambo jema, chama hakina kipingamizi, ila yeye ndiye mwenye dhamana na kata hii na hakuna mtu atakayeiona kabla yake. Tumwonyeshe.

"Bado haijasafishwa," alisema mwalimu wa kwaya.

"Isafisheni. Nitarudi."

Sijawahi kuona hofu kama ya siku zile, na ninaposema hivyo nakumbuka kwamba tulishawahi kusikia mizinga. Kusema hatuna filamu ilikuwa kusema kwamba kwa miezi yote ile tulikuwa tukikusanyika bila sababu, na kukusanyika bila sababu ndiko kulikokuwa kosa. Siku katibu aliporudi, tulitundika shuka jeupe kati ya miti miwili, tukamketisha kwenye kiti cha mwinjilisti, na tukaigiza yote mbele ya shuka lile tangu mwanzo. Mwalimu wa kwaya alikaa nyuma ya kichwa cha katibu akizungusha mpini, krr krr. Hatukumtazama machoni. Alipopiga chafya hakuna aliyemwombea afya, maana watu wa kwenye sinema hawasikii chafya.

Alitazama hadi mwisho, mikono juu ya magoti. Kisha akatoa maoni yake.

"Sauti ni nzuri sana. Rangi pia. Ila pale katikati watu wako mbali." Akatafakari. "Na pale gavana anapopatanisha watu, paondoeni. Mkoloni hawezi kuamua vizuri kuliko baraza. Halafu mwisho ni dhaifu. Wananchi lazima wainuke kwa nguvu. Irudieni hiyo sehemu ya mwisho."

Kama alijua au hakujua, mpaka leo sina hakika. Alipoondoka alitupa sote mkono, isipokuwa baba mdogo, ambaye alimpungia kwa mbali kama mtu anavyompungia aliyemo ndani ya picha.

Basi tukaja kurudia mwisho. Ilikuwa Jumapili ya msimu wa senene, watoto wamebaki majumbani wanachambua panzi hao, watu wazima wote wamekuja na majembe. Baba mdogo aliketi kwenye kiti chake, kofia ya chokaa kichwani, furushi lake la ugenini miguuni. Mwalimu wa kwaya akasema anzeni. Hakuna aliyeinuka.

"Inukeni," alisema. "Mfukuzeni."

Yule mjane alikuwa mstari wa mbele. "Aende wapi?" aliuliza.

"Atokako."

"Na kesi ya dada yangu nani ataimaliza?"

Mwinjilisti akawakumbusha kwamba katibu ameagiza, na kwamba katika vitabu vyote vinene hakuna hata kimoja ambamo watu walikaa tu. Wakainuka kidogo, kwa kumheshimu. Mtu mmoja akasema, "Toka." Akaongeza, "Tafadhali."

Baba mdogo alivua kofia akaipakata.

"Si hivyo," alisema. "Mimi nimeshafukuzwa kweli. Hawasemi tafadhali."

Kamera ilikuwa imenyamaza. Akasimama akatuonyesha. Alitupigia kelele kwa Kinyarwanda jinsi alivyopigiwa yeye, akipiga chini kwa mguu, akielekeza mkono barabarani, na sauti haikuwa yake kabisa, ilikuwa ya watu waliosimama mlangoni kwa mama yake. Yule mjane alijifunika uso kwa kanga. Alipomaliza alivaa kofia, akaketi, akasema kwa upole, "Namna hiyo. Sasa nyinyi."

Tukapiga kelele. Sijui kwa nini zilitoka kubwa namna ile. Wengine walikuwa wanalia huku wanapiga kelele, na mimi nilikuwa mmoja wao, nikisema toka, toka, kwa mtu aliyenibeba begani nilipokuwa na surua. Baba mdogo aliinuka, akachukua furushi, akageuka, akaishika barabara inayopita kati ya mibuni. Hakukimbia. Mwalimu wa kwaya alizungusha mpini mpaka baba mdogo akapotelea kwenye kona.

Hapo mwinjilisti akasema sasa wimbo uingie. Mwalimu wa kwaya akasema katika sinema ya kweli wimbo hauingii hapo. Mwinjilisti akauliza yeye anajuaje, wakati aliona nusu tu, na nusu aliyoiona haikuwa ya mwisho. Neno lile lilimwuma mwalimu wa kwaya. Walibishana mpaka jua likashuka, na sisi tukachukua majembe yetu tukatawanyika.

Jioni baba yangu aliuliza kwa nini mbuzi bado wako nje. Baba mdogo hakuwa amerudi. Kesho yake pia hakurudi. Mama alikuwa ameweka sahani yake ya ndizi, ameifunika kwa jani la mgomba, na nilipoiona ile sahani ndipo nikakumbuka. Nilikwenda mbio kwa mwalimu wa kwaya, nikamkuta anatwanga kahawa.

"Mwalimu, jana ulisema kata?"

Aliacha kutwanga. Midomo yake ilitembea, akiirudia siku yote ya jana. "Tulikuwa tunabishana," alisema.

Tulichukua baiskeli ya mwinjilisti. Mwalimu wa kwaya alipendekeza niende mimi, maana alikuwa bado amekasirika, lakini kanuni ilisema wazi kwamba neno lile ni la mwongozaji. Akaendesha, mimi nikakaa kwenye karia. Siku hizo Kyerwa, tulikoelekea, bado ilikuwa ndani ya wilaya ya Karagwe na barabara ilikuwa mawe matupu. Kila tulipofika kwenye nyumba nilisalimu wazee shikamoo, nikauliza kama wamemwona mtu mwenye kofia nyeupe.

"Gavana?" mzee mmoja aliniambia. "Alipita jana. Tulimwomba apumzike, akasema bado hajaruhusiwa. Ila alitusaidia neno moja juu ya ng'ombe."

Tulimkuta kijiji cha Kimuli, uani kwa mkulima mmoja, anapiga maharage kwa fimbo pamoja na watu wa nyumba hiyo. Miguu yake ilikuwa imevimba. Kofia ilitundikwa kwenye nguzo ya banda. Alipotuona aliishusha akaivaa, akasimama wima.

"Mmesema?" aliuliza.

Mwalimu wa kwaya alishuka kwenye baiskeli, akalinyoosha shati lake, akasafisha koo.

"Kata."

Baba mdogo alitoa pumzi ndefu, akaketi juu ya maganda ya maharage.

"Mmechelewa."

"Ni wimbo," mwalimu wa kwaya alisema. "Tulishindwa kukubaliana juu ya wimbo."

"Na picha imetoka vizuri?"

Mwalimu wa kwaya, aliyejua kilichomo ndani ya kopo la kamera, aliyatazama maharage yaliyotapakaa uani, akanitazama mimi.

"Imetoka vizuri sana," alisema.

Wenyeji walituletea maji, kisha viazi. Nilimwambia baba mdogo twende nyumbani, baba ana wasiwasi, mbuzi wamekula mihogo ya jirani na hakuna wa kuamua. Alitabasamu. Akasema hawezi kurudi. Nilidhani anatania, lakini alinieleza taratibu kama mtu aliyelifikiria jambo njia nzima. Alifukuzwa mbele ya kijiji kizima, kamera ikizunguka. Leo hii akionekana Chonyonyo anapalilia buni, katibu atasema sinema ni ya uongo, na shida haitamwangukia yeye, itamwangukia mwinjilisti.

"Hiyo ndiyo sababu?" nilimuuliza.

"Hapa waliponiuliza natoka wapi, niliwaambia Chonyonyo," alisema. "Wakasema, karibu, mtu wa Chonyonyo."

Sikumbembeleza tena. Baba yangu alipopata habari alipakia mkungu wa ndizi, jembe jipya na mmoja wa wale mbuzi wakorofi, akampelekea. Walisalimiana kwa muda mrefu. Wa Kimuli walimkatia kiwanja ukingoni mwa shamba, akapanda migomba, na kabla mikungu ya kwanza haijakomaa alishaoa mwanamke wa huko aliyemzidi maneno. Kofia ilioza. Kesi aliendelea kuamua, sasa bila kofia, nadhani kwa kuwa Kimuli hawakumjua alivyokuwa kabla ya kofia.

Katibu alihamishwa. Vitabu vililiwa na mchwa, wakianza na vile vya Kijerumani, na mwinjilisti akasema angalau kuna aliyefaidi. Mwalimu wa kwaya aliitunza kamera miaka mingi, mpaka mke wake alipohitaji maharage ya mbegu.

Miaka ya tisini, nikiwa nimeolewa na nina watoto, nilikwenda Murongo, mpakani mwa Uganda, kununua vitenge. Forodhani palikuwa na foleni, na mama mmoja mfanyabiashara mbele yangu, aliposikia natoka upande wa Chonyonyo, aliniambia kwamba watu wa kwetu waliwahi kutengeneza sinema nzuri. Nikamuuliza aliiona wapi. Akasema aliiona, basi, zamani. Akanisimulia jinsi mvua inavyonyesha wakati gavana anaondoka, na jinsi farasi wake mweupe anavyogeuka kutazama nyuma. Sikumkatiza. Zamu yake ilifika akaenda kufungua mzigo.

Niliporudi nilipitia Kimuli. Baba mdogo alikuwa ameanza kuzeeka, ameketi kwenye mkeka anaanika kahawa. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza habari za yule mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Farasi," alisema. "Mwalimu wa kwaya hakufikiria farasi."

Mkewe alisema kwa sauti kutoka jikoni kwamba kama tunaongea habari za farasi, kahawa ile upande wa kushoto haijageuzwa tangu asubuhi. Tukainama wote wawili tukaigeuza. Kisha aliniuliza watoto wanasoma darasa la ngapi, na kama yule wa kwanza kikohozi kimekwisha, nikamwambia bado kidogo.